Yogi Berra: ubingwa 10 uwanjani, 3 kwenye benchi

Mnasema Yogi Berra, mdakaji wa besiboli wa Marekani (anayedaka mipira ya mrushaji), alishinda World Series, yaani fainali ya ligi kuu ya besiboli ya huko, mara 13. Ni 10, si 13, kama mnahesabu ubingwa alioushinda akiwa mchezaji. Yote ni akiwa na New York Yankees: 1947, mitano mfululizo kuanzia 1949 hadi 1953, kisha 1956, 1958, 1961 na 1962. Hakuna mchezaji mwingine wa besiboli aliyefika hapo.

Hiyo 13 mnayoiona inajumlisha mitatu aliyopata akiwa kocha msaidizi: Mets, timu nyingine ya New York, 1969, halafu Yankees 1977 na 1978. Akiwa kocha mkuu alifika fainali mara mbili, 1964 na Yankees na 1973 na Mets, na zote alipoteza katika mchezo wa saba. Inauma, maana alikosa kwa mchezo mmoja tu kila mara.

Ila mkisema "10 akiwa mdakaji" hapo mtakuwa mmezidisha kidogo. Kufikia 1961 udakaji mwingi ulikuwa wa Elston Howard, na Berra alihamishiwa zaidi nyuma ya uwanja, upande wa kushoto.

Kwangu mimi, mchezo wa kumpima ni ule wa tano wa fainali ya 1956. Don Larsen alirusha, Berra akadaka na kumpa ishara za mipira, na wapigaji wote 27 wa Brooklyn Dodgers wakatolewa bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Ulipokwisha, Berra alimrukia Larsen kifuani.