Maswali na Majibu: Bodi Iliyobonyea, Rangi Iliyokwaruzika

Barua nyingi za safari hii zinahusu bodi ya gari, na tumechagua tano. Sehemu kubwa ya kazi hizi unaweza kuifanya mwenyewe uani ukiwa na subira na msasa wa kutosha. Pale tunapoona kazi inahitaji fundi mwenye vifaa, tumesema wazi.

Mtoto amepitisha mpini wa baiskeli ubavuni mwa gari langu, ukabaki mstari mrefu kama mkono. Nimesikia dawa ya meno inaondoa. Ni kweli? — Msomaji, Morogoro

Anza na maji, ndugu yetu. Osha mahali hapo, kisha utazame mstari ukiwa bado umelowa. Ukipotea wakati umelowa na kurudi ukikauka, mkwaruzo uko kwenye klia tu, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi linaloleta mng'aro. Halafu pitisha ukucha kwa kukatiza mstari. Ukiteleza bila kukwama, huhitaji kupaka rangi. Ukikwama, na hasa ukiona kijivu cha praima (rangi ya chini inayoshika bati) au bati lenyewe, hapo rangi imeshaondoka na hakuna kusugua kutakakoirudisha.

Dawa ya meno ina unga laini wa kusugulia, hivyo hupunguza alama nyepesi sana na kuacha ukungu mahali hapo. Rabingi ya gari, yaani krimu ya kusugulia rangi, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Chukua msasa wa maji namba 2000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi), uloweke dakika 10, uuzungushie kibao cha mpira, na usugue taratibu kwa maji yenye tone la sabuni mpaka mstari ufifie. Fuatia namba 3000, kisha rabingi kwa kitambaa laini, kisha polishi. Muda wote tazama maji yanayochuruzika. Yakiwa meupe kama maziwa, unakula klia. Yakianza kuchukua rangi ya gari, simama hapo hapo, klia imeisha; isipokuwa gari lako ni la zamani lenye rangi ya tabaka moja, ambalo maji yake huchukua rangi tangu mwanzo. Klia ya kiwandani ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, ndiyo maana hatupendi kabisa kuona mtu anaanza na namba 800. Kwenye kona na mikunjo ya bati klia ni nyembamba zaidi, kwa hiyo usiiguse kwa msasa.

Mlango wa nyuma wa IST yangu ulibonyea upana wa sahani. Fundi alijaza puti na kupaka rangi. Miezi minne baadaye imepasuka na kipande kinabanduka. Nataka kurudia mwenyewe. — Msomaji, Dar es Salaam

Kabla ya kutupa kile kipande, kisome. Kipime kwanza unene: kikizidi milimita 3 au 4, bati halikunyooshwa vya kutosha, puti ikabebeshwa kazi ya nyundo. Kisha kigeuze uone upande uliokuwa umeshika bati. Ukiwa na rangi ya gari, puti ilipakwa juu ya rangi ambayo haikusuguliwa. Ukiwa na unga wa kahawia, ilipakwa juu ya kutu. Kila kosa lina dawa yake, na kazi mpya lazima iepuke yote matatu.

Chomoa terminali hasi ya betri na usubiri dakika chache kabla ya kugusa nyaya, kwa sababu milango ya baadhi ya magari ina vihisio vya mifuko ya hewa. Vua kava la ndani la mlango: skrubu huwa zimejificha nyuma ya kishikio, na klipu zimezunguka ukingo. Nailoni iliyobandikwa nyuma yake ibandue taratibu, maana ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari, na utairudisha.

Sasa bati. Kosa la wengi ni kupiga katikati ya shimo kwa nguvu. Mbonyeo huwa na ukingo uliopanda kuuzunguka, na ukingo huo ndio unaolishikilia bati lisirudi. Sukuma katikati kutoka ndani kwa kipande cha mbao huku ukigonga ukingo kwa nje kwa nyundo ndogo ya uso bapa, mapigo mepesi mengi, ukitoka pembeni kwenda katikati. Vaa glavu nyembamba ya pamba na upitishe kiganja chote, sio ncha za vidole. Kiganja huhisi mawimbi ambayo jicho halioni. Lenga bati libaki chini kidogo ya usawa wake, kama milimita 1 hadi 2. Likibaki juu ya usawa, puti haitaficha. Na kama bati linaruka ndani na nje kwa mlio wa debe tupu, limeshatanuka. Kuligonga zaidi kunalitanua zaidi. Hapo mpelekee fundi mwenye vifaa vya kulikaza kwa moto.

Ondoa puti ya zamani na rangi kwa msasa namba 80 mpaka bati ling'ae, uvuke eneo la mbonyeo kwa sentimita 5 hivi. Kingo za rangi zilainishe kwa namba 180 hadi kidole kisihisi ngazi. Puliza vumbi, futa kwa kiondoa grisi, na uanze kupaka puti siku hiyo hiyo. Kwa hewa ya chumvi ya Dar, bati lililoachwa wazi usiku mmoja huamka na wekundu.

Kuchanganya ndiko kunakoharibu kazi nyingi, kwa hiyo tumia mizani ya jikoni ya kidijitali. Kwa gramu 100 za puti weka gramu 2 za hadena, yaani dawa ya kuigandisha. Siku ya joto kali unaweza kushuka kidogo hadi 1.5, lakini usivuke 3. Hadena ikizidi, puti hujaa vitundu kama vya sindano, na baadaye doa la njano au jekundu hupenya hadi juu ya rangi nyeupe. Ikipungua, puti haikauki, inabaki kunata na kuziba msasa. Changanya juu ya kioo au plastiki bapa, kwa kukandamiza na kukunja, usikoroge kama unga wa uji, maana utaingiza hewa. Boksi la karatasi halifai: linafyonza utomvu wa puti. Rangi ya mchanganyiko ikiwa moja bila michirizi, una dakika 3 hadi 5 tu, na juani hata hizo huzipati. Fanya kazi kivulini.

Tabaka la kwanza lipake jembamba sana ukikandamiza ili liingie kwenye mikwaruzo ya msasa, kisha ongeza juu yake. Jumla, baada ya kusugua, isizidi milimita 3. Subiri dakika 20 hadi 30, ujaribu kwa ukucha. Usipoacha alama, anza namba 80 kwenye kibao kirefu, ukienda mshazari huku na huku, kisha 180, kisha 320. Msasa wa kushika kwa vidole huchimba mifereji. Na tafadhali, puti usiisugue kwa maji. Inayanyonya, na unyevu huo ukifungiwa chini ya rangi hutokeza baadaye kama malengelenge, au kutu inayoanzia chini.

Praima ipulizwe mara 2 au 3, dakika 10 kati ya moja na nyingine. Ikikauka, pulizia juu yake vumbi jepesi la rangi nyeusi na usugue kwa namba 600. Palipobaki weusi ni shimo, palipofunguka mapema ni mlima. Hapa ndipo pa kurudi nyuma na kurekebisha, kwa sababu rangi yenye mng'aro huonyesha kila kasoro. Kwa rangi ya metaliki malizia na namba 800. Kisha rangi, tabaka 3 nyembamba kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 25, na klia mara 2.

Tunasisitiza jambo moja la afya. Klia na praima za 2K, zile zenye hadena, zina isosayaneti, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake hata kidogo. Anayeuvuta mara kwa mara anaweza kupata pumu isiyoondoka. Nyumbani tumia makopo ya kawaida yasiyo na hadena, mahali penye hewa, ukijua kwamba klia yake ni laini zaidi na petroli inaweza kuiharibu. Kama unataka 2K, mlango ukishanyooka na kupigwa praima ya kawaida, upeleke kwa fundi rangi mwenye chumba na barakoa ya kuletewa hewa. Mwambie umetumia praima gani, maana si kila praima ya kopo inavumilia 2K juu yake.

Bampa la mbele limeingia ndani baada ya kugusa ukuta. Rafiki kaniambia nimwagie maji ya moto. Je, naweza kufanya hivyo na kwenye fenda? — Msomaji, Mombasa

Kwenye bampa ndiyo. Kwenye fenda ya bati, hapana. Mabampa mengi ni plastiki ya polipropilini (PP), ambayo hulainika kwa joto na kukumbuka umbo lake. Mwaga maji yaliyotoka kuchemka, lita 2 au 3 taratibu, kisha vaa glavu nene na usukume kutoka nyuma. Likirudi, mwagia maji baridi ligande hapo. Kama bampa lina rada au vihisio vya kuegeshea, vichomoe kwanza.

Kama limepasuka, tazama nyuma yake uone herufi zilizochapwa. Zikiwa PP au PP+EPDM, gundi za kawaida hazitashika, na puti ya bati itadondoka likipinda mara ya kwanza. Linachomelewa kwa fimbo ya plastiki ya aina hiyo hiyo, linajazwa puti ya plastiki, na kabla ya praima lazima lipulizwe kishikizo cha plastiki, dawa inayofanya rangi ishike plastiki, tabaka 1 jembamba. Mabampa yanayobanduka rangi kama ganda la yai karibu yote yalirukishwa hatua hiyo.

Gari langu ni jeupe, nimenunua rangi nyeupe dukani, lakini kiraka kinaonekana kama kimetoka gari jingine. — Msomaji, Nakuru

Nyeupe ziko nyingi. Fungua boneti utafute kibati cha utambulisho. Kwenye Toyota zilizotoka Japani, namba ya rangi iko palipoandikwa C/TR. Ukiona 040 ni nyeupe tupu. Ukiona 070 ni nyeupe ya lulu, na hiyo ni habari nyingine kabisa: chini kuna nyeupe, juu yake tabaka la lulu linalopitisha mwanga, kisha klia. Idadi ya tabaka za lulu hubadilisha rangi. Chukua vipande 4 vya bati, vipake nyeupe ya chini, kisha lulu mara 1, 2, 3 na 4, vyote vipake klia, uvilinganishe na gari nje mchana. Usilinganishe chini ya taa, na ipige polishi rangi ya zamani kwanza, kwa kuwa jua limeifubaza.

Hata namba ikiwa sahihi, kiraka kinachoishia katikati ya mlango kitaonekana. Ififishe rangi taratibu kuelekea pembeni, na klia uipake mlango mzima.

Nilipuliza rangi asubuhi ya mvua, ikawa na ukungu mweupe. Upande mwingine imekunjamana kama ngozi ya maziwa. Kosa ni moja? — Msomaji, Tanga

Ni makosa mawili. Ukungu unatokana na unyevu: thina inapokauka haraka hupoza uso wa rangi, na maji yaliyo hewani yakagandia juu yake. Ukiwa mwepesi, subiri siku kavu, pulizia thina inayokauka polepole kidogo sana, ukungu utafunguka. Ukiwa mzito, sugua urudie. Wakati wa masika ngoja saa za mchana jua likitoka, na bati liwe limekauka hadi kwenye maungio ya raba.

Kukunjamana ni ugomvi wa rangi mbili. Gari liliwahi kupakwa rangi ya selulosi, ile inayokauka kwa thina kuruka tu bila hadena, na thina kali ya rangi mpya imeiamsha. Kipimo chake ni rahisi, na kifanyike kabla ya kazi: lowesha kitambaa cheupe kwa thina, kibane mahali palipojificha kwa sekunde 30. Kitambaa kikitoka na rangi, rangi ya chini haina hadena, haitavumilia rangi nzito juu yake. Iondoe yote hadi praima ya kiwandani au bati. Wengine huifungia kwa tabaka jembamba la praima ya epoksi. Kwa eneo dogo hufaulu, lakini kwa boneti nzima tunashauri kuiondoa.