Kengele ya moto ikilia, mbwa mwongozaji ashikwe na nani?

SWALI: Nasimamia usalama wa moto katika ofisi ya ghorofa sita hapa Leicester, Uingereza. Tumepata mfanyakazi mpya asiyeona, anatembea na mbwa mwongozaji. Meneja anataka kengele ikilia mwenzetu abaki kwenye eneo la kungojea waokoaji karibu na ngazi, mimi nishuke na mbwa. Mimi ni Mwislamu na kumgusa mbwa ni shida kwangu. Nifanyeje?

JIBU: Mbwa usimchukue, hata ungekuwa mpenzi wa mbwa. Kumtenganisha na mwenyewe ni kumwacha mtu bila msaada saa anayouhitaji zaidi. Na lile eneo la kungojea liko kwa ajili ya wasioweza kushuka ngazi. Mwenzenu miguu anayo, ashuke na wengine.

Meneja wako amesahau, kama wengi, kwamba mbwa hajui mlango wa dharura uko wapi. Anakwepa vizuizi, anasimama ngazi zinapoanza, anafuata amri. Njia anaijua mwenye mbwa. Michael Hingson, Mmarekani asiyeona, alikuwa ghorofa ya 78 ya World Trade Center tarehe 11 Septemba 2001. Alishuka kwa ngazi na mbwa wake, Roselle, wakatoka salama. Sifa nyingi alipewa mbwa, lakini Hingson ameeleza mara nyingi kwamba alikuwa amejifunza jengo lile na taratibu zake za dharura mapema.

Kwa hiyo tembea na mwenzenu ngazi zote mbili wiki hii, kuanzia mezani kwake mpaka mnapokusanyikia nje. Ajue mlango upi unavutwa na upi unasukumwa. Mbwa kwa kawaida hukaa kushoto, mkono wa kulia ukabaki kushika reli ya ngazi. Angalia kama upande huo reli ipo. Waambie na wanaomfuata nyuma kwamba mbwa atasita kidogo kabla ya ngazi ya kwanza, wasisukume.

Siku yenyewe jitambulishe kwa jina, kisha toa habari: "Ngazi za mashariki zimeziba, tunapita magharibi." Asipoambiwa atamwelekeza mbwa njia ya kila siku. Moshi au kelele zikimchanganya mbwa, mwenyewe ataachia ule mshikio mgumu wa mgongoni, abaki na kamba mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ashike kiwiko chako. Wewe uko kulia kwake, hatua moja mbele. Mbwa hujamgusa.

Kuhusu dini, hapo hapo Leicester mwaka 2008 msikiti mmoja ulimruhusu kijana asiyeona kuja na mbwa wake, mbwa akangoja mlangoni. Lakini kama tatizo ni woga, sema sasa, apewe mwingine jukumu hilo.

Mazoezi yafanywe kengele ikilia kweli, maana kelele hizo humeza amri. Nje, vioo vilivyovunjika hukata nyayo za mbwa, waonyesheni pa kupita.

Yote haya yaandikwe katika mpango wake binafsi wa kutoka jengoni, mkikaa naye mezani. Sheria ya Usawa ya 2010 inamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa, na mpango usitegemee zimamoto waje kumtoa. Wekeni na msaidizi wa pili, wa siku ambazo wewe uko likizo.