Nyimbo za Nairobi ambazo hazijachuja, na mpya ninazoziamini

Dada uliyeanzisha mjadala, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: wimbo gani tunaupenda kuliko zote, albamu gani mpya inastahili bando zetu, na kama ni kweli nyimbo za Nairobi siku hizi hazimalizi mwaka kabla ya kuchuja. Waliotangulia wamekutajia majina tu. Mimi ningependa kukupa na sababu, maana muziki ndio unaonilisha. Napiga gitaa la besi katika bendi ya harusi na ruracio (sherehe za mahari za Wakikuyu), na Jumapili mchana tunapiga kwenye baa moja ya nyama choma huku Thika Road. Mahali kama hapo wimbo hauna pa kujificha. Hakuna video, hakuna msanii mwenyewe na mavazi yake, kuna watu wanaokula na sisi tuliosimama pembeni na vyombo. Wakiinuka kucheza, wimbo una kitu.

Wimbo wangu ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Hao walijitoa Simba Wanyika mwaka 1978, ile bendi ya ndugu wawili Kinyonga waliotoka Tanga wakaja kupiga muziki Kenya. Wakafanya mazoezi miezi kadhaa, kisha wakaanza kupiga klabu ya Garden Square hapa mjini. Issa Juma na John Ngereza kwenye sauti, Omar Shabani gitaa la rithimu, Rashid Juma dramu, Tom Malanga besi. Watu wengi husifu maneno, yale malalamiko ya mtu anayeuliza anachukiwa kwa nini. Maneno ni mazuri, sibishi. Lakini tafuta spika yenye kifua, uusikilize tena ukiyaacha maneno yapite. Gitaa la Shabani linazunguka palepale, halichoki. Besi ya Malanga inasema kitu, inanyamaza, inaacha dramu ipite, halafu inajibu. Huo ukimya katikati ndio unaowainua watu vitini.

Mzee aliyenifundisha besi alipiga baa za River Road ujanani mwake, na katika wimbo huo alinikataza noti yoyote ya ziada. "Usijaze," alikuwa akisema. "Ukijaza, wachezaji watakanyaga wapi?" Nimepiga nyimbo za kila aina tangu hapo, za kanisani, za benga, za Wanaijeria, na bado napima wimbo kwa swali lake.

Enzi hizo hata santuri zilisaidia. Upande mmoja wa santuri ndogo ya 45 ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo rumba ndefu ilikatwa vipande viwili: upande A maneno, upande B magitaa yakaachiwa uwanja. Yaani nusu ya pesa yako ilikuwa inanunua vyombo peke yake. Leo nusu hiyo imepotea. Prodyuza anajua utausikiliza wimbo kwenye simu, na spika ya simu ni ndogo mno kutoa sauti nzito za chini, hivyo anajaza katikati na juu: makofi, kibodi, sauti tatu za msanii huyo huyo zikifuatana. Ukiusikia kwenye simu unapendeza. Ukiupeleka kwenye spika kubwa za harusi, chini hakuna kitu. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa ya nyimbo nyingi kuchuja haraka, kuliko hiyo ya "vijana wamekosa ujumbe" ambayo imeandikwa mara nyingi hapo juu. Nyimbo za zamani zisizo na ujumbe wowote bado zinatulipa.

Tazama "Kasongo" wa Super Mazembe. Ni wimbo wa miaka ya 1970, umeimbwa Kilingala, na wengi wanaoucheza hawaelewi zaidi ya jina. Tulikuwa tukiupiga kwa ajili ya wazee tu. Mwaka 2024 vijana wakauokota kwenye siasa, na tangu hapo wanaokuja kutuomba tuupige ni watoto wa chuo. Siasa ndiyo iliyowaleta, lakini kinachowafanya wabaki wakicheza mpaka gitaa linyamaze ni kavacha, ule mdundo wa dramu wa kasi ambao bendi za Kongo zilikuja nao mjini huku kabla hawajazaliwa. Nimewatazama usoni. Hawaigizi.

Na harusini kuna jambo lililonifurahisha sana miaka ya karibuni. Bibi harusi akisema anataka "Malaika", siku hizi ni lazima umuulize ipi. Kuna ile ya Fadhili William, ambayo hata Miriam Makeba aliipeleka duniani, na kuna ya Nyashinski ya 2017. Shangazi zake wanataka ya kwanza, rafiki zake wanataka ya pili, na mara nyingi tunapiga zote mbili. Mji ambao wimbo wa 2017 unaweza kusimama mlango mmoja na wimbo kama ule wa Fadhili si mji uliokufa kimuziki. Nyashinski mwenyewe ni wa kuzingatiwa: alivuma na kundi la Kleptomaniax, akapotea miaka mingi Marekani, akarudi 2016 akiimba kama mtu aliyekuwa akiyaweka maneno akiba. Albamu yake ya "Lucky You" ya 2020 haijapewa heshima inayostahili.

Sasa albamu. Kama hujawahi kusikiliza "Nimefika" ya E-Sir kuanzia mwanzo hadi mwisho, anza hapo kabla ya kitu chochote kipya. Mchanaji huyo, kijana wa mtaa wa South C hapa Nairobi, akiwa chini ya lebo ya Ogopa DJs, alifariki kwa ajali ya barabarani Machi 2003, akiwa na miaka 21. Ninapoisikiliza leo nashangaa jinsi Kiswahili chake kilivyonyooka. Kila silabi inatua juu ya dramu, hakimbii, hang'ang'anii, na unaelewa kila neno hata ukiwa kiti cha nyuma cha matatu yenye kelele. Wachanaji wengi wa baada yake wana kasi kumzidi, na wachache sana wana utulivu ule. Mdogo wangu alizaliwa baada ya E-Sir kufariki na anazijua nyimbo zake kwa moyo. Nani alimfundisha? Mitaa tu.

Upande wa vyombo, albamu ninayoirudia zaidi ni "Midnight Train" ya kundi la Sauti Sol, iliyotoka Juni 2020 wakati baa na harusi zimefungwa na sisi wanamuziki tumekaa nyumbani bila kazi. Labda ndiyo maana imenikaa. Wengi waliishika kwa sababu ya "Suzanna", na ni sawa, ni wimbo mtamu. Mimi nilishikwa na "Disco Matanga", waliyoifanya na Sho Madjozi na Black Motion wa Afrika Kusini. Disko matanga ni ngoma ya usiku wa msiba kule magharibi mwa Kenya, watu wanacheza hadi alfajiri ili familia isibaki peke yake na maiti. Kuichukua desturi hiyo na kuiweka juu ya mdundo wa haus (house, muziki wa dansi wa kompyuta) wa Afrika Kusini bila kuifanya kichekesho kunahitaji adabu, na wanne wale wanayo. Halafu sikiliza "Rhumba Japani", walipowaita wadogo zao akina Bensoul, Nviiri na Xenia. Hapo unasikia gitaa la Polycarp likizungumza lugha ya akina Shabani, kwa sauti ya leo. Walipoagana na mashabiki Novemba 2023 Uhuru Gardens nilikuwa katikati ya umati, na nilipowaona watu wa rika la mama yangu na watoto wa sekondari wakiimba kitu kimoja, nililia wazi na sikujali nani ananiona.

Bien, mmoja wa wale wanne wa Sauti Sol, ameendelea vizuri peke yake. Ile albamu yake ya 2023, "Alusa Why Are You Topless?", ina sauti iliyokomaa kuliko alipokuwa kwenye kundi, ingawa kwa masikio yangu ni ndefu mahali fulani na ningeondoa nyimbo mbili tatu. Wewe sikiliza uamue.

Kaka mmoja hapo juu ameandika kwamba drili (rap ya besi nzito) na gengetoni (muziki wa vijana wa mitaa ya Nairobi, wa Sheng) ni takataka na ndizo zimeua muziki wetu. Kaka, sikubaliani nawe hata kidogo, na nakuomba uisikilize "Victims of Madness" ya kundi la Wakadinali, ya 2020, ukiwa na spika za masikioni nzuri. Katika drili besi haikai noti moja, inateleza kutoka noti hadi noti kama kidole kinavyoteleza juu ya waya, na nafasi kati ya mapigo ni pana. Scar, Domani na Sewersydaa wanajua kuitumia nafasi hiyo, mmoja anaingia pale mwenzake alipoacha pumzi. Mzee wangu wa River Road angeyapinga matusi, na mimi pia yapo ninayoyaruka nikiwa na wazazi, lakini lile swali lake la kukanyaga wangelijibu vizuri. Gengetoni ni jambo jingine. Ethic walipotoka na "Lamba Lolo" 2018, na Sailors na "Wamlambez" mwaka uliofuata, hapakuwa na nganya, yaani matatu iliyopambwa, iliyopita mitaa ya Eastlands bila sauti hizo. Ule ulikuwa muziki wa vijana waliorekodi walichonacho bila kungoja redio iwaruhusu. Kilichouchosha ni waigaji, maana biti zilianza kufanana mpaka usijue wimbo umeisha na mwingine umeanza. Sisi bendi hatukuweza kuzipiga, kwa sababu bila zile sauti zao za mtaani hakuna melodia ya kushika. Hilo ni pengo, nalikubali.

Kwa usiku wa kutulia, "Asali" ya Maya Amolo ya 2022. Ameimba sana Kiingereza, na najua wengine humu hawapendi hivyo, ila sikiliza anavyozimalizia sentensi zake kwa upole bila kupamba. Karun pia, yule aliyekuwa katika kundi la Camp Mulla akiwa msichana mdogo, sasa anaimba kama mtu mzima aliyeishi.

Kwa hiyo dada, kama bando ni la usiku mmoja, weka "Sina Makosa" kwanza, kisha "Nimefika" yote, kisha "Midnight Train" yote kwa mpangilio waliouweka wenyewe, usiruke. Wakadinali waache kesho, ukiwa umepata spika. Na ukiweza, njoo Jumapili yoyote mahali penye bendi inayopiga kwa mikono, pale Thika Road au Ngong Road, utembee hadi mbele uombe wimbo mpya unaoupenda, wa mwaka huu. Bendi nyingi hujifunza wimbo kwa sababu umeombwa mara kadhaa, na wateja wakiomba vya zamani tu, vya zamani tu ndivyo tutakavyopiga.