Swali la lugha: Nondo huyu au nondo hii?

Msomaji wetu wa Kimara, Dar es Salaam, anaandaa makala kuhusu Argema mimosae, mdudu mkubwa wa kijani mwenye mikia mirefu, anayepatikana Afrika ya Mashariki na Kusini. Ameandika: "Nondo hii ya kijani inaruka usiku na haikuli chakula." Mwenzake anamtaka aseme "kipepeo wa usiku", kwa kuwa hapa mjini nondo ni chuma cha kujengea. Anauliza nani yuko sahihi.

Nondo ndilo jina lake, ndugu msomaji, usilikimbie. "Kipepeo wa usiku" litaeleweka, lakini linampoteza anayetaka kujifunza. Vipapasio vya kipepeo huishia na kirungu nchani. Vya nondo wengi ni vyembamba mpaka mwisho, au vimechanua kama unyoya, na huyu wako ni wa kundi hilo la pili.

Hofu ya chuma huondolewa na upatanisho. Fundi wa Mbagala akiagiza "nondo ya milimita 12", hakuna atakayemletea mdudu. Chuma ni nondo hii imepinda, nondo hizi zimeshika kutu. Mdudu ni nondo huyu ametua ukutani, nondo hawa wamejazana kwenye taa. Kiumbe mwenye uhai hufuata ngeli ya A-WA hata umbo la jina lake likiwa la ngeli nyingine. Ndiyo maana kipepeo, kiwavi na kifaru nao ni huyu, si hiki.

Wapo wanaoshika Mathayo 6:19, "nondo na kutu viharibupo", wakidai nondo amepewa VI. Hapana. Pale mdudu ametajwa pamoja na kutu, na chenye uhai kikiunganishwa na kisicho na uhai, VI hubeba vyote viwili.

Ila msisahihishe kupita kiasi. Nimewahi kusoma "mabawa wa nondo". Hapo "-a" inapatana na mabawa, kwa hiyo ni mabawa ya nondo.

Lililonisumbua zaidi ni "haikuli". Kitenzi kula hushika "ku" katika anakula na amekula, lakini kwenye kanushi la wakati uliopo "ku" hudondoka: sili, huli, hali, hatuli, hawali. "Hakuli" na "hawakuli" nazisikia kila siku, hata redioni, na sizikubali katika maandishi. Kwa kuwa hali ni nomino pia, mpe mtendwa karibu yake, mfano "hali chochote", msomaji asikwame.

Na kwa kuwa unaeleza tabia ya kudumu, "huruka" inafaa kuliko "anaruka". Angalia tu kwamba HU haionyeshi ngeli, hivyo kosa la "nondo hii huruka" hupita kirahisi bila kuonekana.

Andika hivi: "Nondo huyu wa kijani huruka usiku, na akishakomaa hali chochote, aliyekula ni kiwavi wake, majani ya mng'ongo yakiwamo."