Stopu 2 juu kwenye gauni jeupe? Usithubutu, mkuu

Mkuu, simama kwanza. Umeandika kwamba Jumamosi unapiga harusi ya binamu yako, utapiga RAW (faili ghafi la kamera, kabla halijachakatwa kuwa picha), utazidisha mwanga stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili) "ili vivuli vitoke safi", kisha utashusha ukifika nyumbani. Umeuliza pia utumie programu gani na uanze na kitelezi kipi. Ya programu yasubiri. Hizo stopu 2 ndizo zitakazokuliza.

Mimi zilishaniliza. Ilikuwa harusi ya dada yangu, mchana, jua la utosi. Mwalimu wa kozi niliyoilipia alikuwa ametuambia darasani: "RAW inasamehe kila kitu, nyie jazeni mwanga tu." Nikameza mzima mzima. Pale nje kioo cha nyuma ya kamera, kinachoonyesha picha, kilionekana giza kwa sababu ya jua, nikajiridhisha kwamba stopu 2 za ziada ni sawa kabisa. Nikaziacha hapohapo tangu bibi harusi anashuka garini mpaka keki inakatwa.

Usiku nikafungua mafaili. Gauni lile lilikuwa na lesi ya maua madogo kifuani na mikononi, na mama alikuwa ameitia shanga kwa mkono, moja moja. Kwenye picha hakuna lesi, hakuna shanga. Kuna bapa jeupe lenye umbo la dada yangu. Nikashusha kitelezi cha mwanga, weupe ukageuka kijivu cha karatasi, na kingo za mikunjo zikaingia rangi ya waridi ambayo gauni halikuwa nayo. Picha zaidi ya 300. Dada alizitazama kimya, kisha akauliza, "Shanga za mama ziko wapi?"

Ziko wapi? Hazikurekodiwa. Kamera ya biti 14 ina ngazi 16,384 za kuhesabia mwanga. Sehemu ikishafika kikomo, pikseli zote pale zinaandika namba ileile, ya shanga, ya uzi, ya kitambaa. Kushusha stopu 2 ni kugawa kwa 4. Namba zilizolingana ukizigawa kwa 4 bado zinalingana, kwa hiyo unapata kijivu kitupu. Ule uwaridi nao una sababu: kamera hurekodi rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, na mchana chaneli ya kijani kwa kawaida ndiyo inayojaa kwanza, halafu programu inapokuza nyekundu na bluu ili kusawazisha weupe, kijani inabaki nyuma.

Kinachoniuma ni kwamba mwalimu yule alitupa nusu ya ukweli. Kweli stopu ya juu kabisa peke yake inabeba nusu ya ngazi zote, 8,192, na kweli vivuli vilivyopata mwanga wa kutosha huwa na chenga chache (zile punje punje zinazochafua picha). Lakini mpiga picha Michael Reichmann, aliyeieneza mwaka 2003 kanuni ya kusogeza histogramu (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto, weupe kulia) upande wa kulia, alisema usogeze bila kuunguza sehemu angavu, yaani bila kuzijaza mwanga mpaka kikomo. Hiyo "bila kuunguza" mwalimu aliimeza, na ada yangu akaila. Aliyesoma kwake anajua ninayemsema!

Kwa hiyo ninachokuomba ni kimoja. Kabla hujapiga chochote cha maana, piga gauni, washa onyo la sehemu zilizoungua, linalozimetesha kwenye kioo, fungua histogramu ya rangi tatu, siyo ile moja nyeupe. Gauni likimetameta, punguza theluthi ya stopu, piga tena, punguza tena, mpaka litulie. Jua au taa ikimetameta, iache, haina shanga. Histogramu hiyo inatokana na JPEG, picha ambayo kamera yenyewe imeshaichakata ndani, kwa hiyo mara nyingi RAW ina nafasi kidogo zaidi ya unayoonyeshwa. Mimi hiyo nafasi siigusi. Naihifadhi kwa wakati wingu litakapofunguka ghafla bibi harusi akiwa katikati ya hatua. Suti nyeusi ikitoka giza utainyanyua baadaye. Itakuja na chenga, lakini vifungo vyake utaviona.

Na kioo usikiamini. Juani kinakudanganya picha ni giza, usiku kinakudanganya ina mwanga.

Leo jioni tundika shati jeupe lenye mistari ya kufuma karibu na dirisha. Lipige kawaida, kisha ongeza stopu 1, 2, 3. Zishushe zote zilingane, kuza mpaka uone uzi. Uniambie uzi ulipotelea kwenye picha ya ngapi.