Nilivyoifukuzia Landlord miaka mitatu, kumbe shida ilikuwa hamira

Dada mmoja anayeishi Coventry ameniandikia wiki hii. Amepika bita, ile bia chungu ya Kiingereza, kwa vipimo nilivyowahi kuvitoa, akaitia kwenye chupa siku ya sita, na sasa kila akifungua anakutana na harufu ya siagi, kama bisi za sinema. "Kaka, nimekosea wapi? Niimwage tu?" Nimeusoma ujumbe wake mara mbili. Umenirudisha kwenye sebule yangu mwenyewe hapa Bradford, siku niliyoaibika mbele za watu.

Kwa walio wageni, bia ninayoisema ni Landlord ya Timothy Taylor's wa Keighley, mji ulio dakika kama 20 kwa treni kutoka kwangu. Kiwanda kile kilianza 1858, na Landlord imetwaa taji la bia bora ya Uingereza mara nne: 1982, 1983, 1994 na 1999. Ikivutwa kwa pampu ya mkono kutoka kwenye pipa, haina baridi ya kuuma meno wala gesi ya kukucheulisha. Nilipoinywa mara ya kwanza nilimkumbuka mama na mbege yake, kule Marangu. Ladha zake ni mbali na mbali. Kilichonigusa ni ule uchungu unaobaki nyuma ya ulimi ukishameza, unaokuita upige funda jingine. Mama aliupata kwenye gome la msesewe. Waingereza wanaupata kwenye hopsi, yale maua ya kijani yaliyokaushwa. Nikasema moyoni, mimi niliyekulia jikoni kwa mpika mbege, hii itanishindaje?

Ikanishinda. Pipa langu la kwanza, lita 23, nililifungua siku ya kipaimara cha binti yangu. Painti ya kwanza nilimpa shemeji. Akainusa, akainuka, akaenda kuimwaga kwenye sinki wageni wote wakimtazama, akasema inanuka plasta ya hospitali. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeikesha bia ile, na kicheko kile bado ninacho kifuani. Angeweza kuniita pembeni akaniambia. Hata leo nasema hivyo.

Ila pua yake haikukosea. Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na kimea na hamira inazaa harufu hiyohiyo ya dawa ya kidonda. Dawa yake ni nusu kidonge cha Campden, kidonge cha wapika bia kinachoua klorini, kwenye maji yote kabla hujawasha moto. Ni kitu cha senti chache, na mimi kilinigharimu heshima.

Baada ya hapo nikaingia kwenye hopsi, na huko ndiko nilikopoteza muda mwingi. Nilijaza friza mifuko. Mwaka mzima nilimalizia bia yangu kwa Goldings za Kent, nikiamini kwamba Styrian Goldings wanazotumia Keighley ni ndugu zake, maana jina ni moja. Kumbe Styrian Goldings asili yake ni mbegu ya Fuggle, hopsi nyingine kabisa, iliyopelekwa Slovenia ikapewa jina lisilo lake. Nilipozipata zenyewe, harufu ilisogea. Bia bado ilikuwa tambarare, kama mtu anayeongea bila sauti kupanda wala kushuka.

Nilichokuwa nadharau muda wote huo ni hamira. Nilikuwa natumia pakiti kavu yoyote iliyokuja na kimea, namwagia juu, nafunika, naweka ndoo chini ya ngazi na kwenda zangu kazini. Siku ya tano au ya sita, mapovu yakitulia, natia kwenye chupa. Mama asingefanya hivyo hata siku moja. Ndizi zake zilikaa siku zake kabla hajachanganya na uji wa kimea cha ulezi, na ukimuuliza lini itakuwa tayari anakujibu, "Itaniambia yenyewe."

Mwaka jana nikanunua hamira ya maji, Wyeast 1469, ile ambayo wapikaji wengi wa nyumbani huitumia wanapoitafuta ladha ya Taylor's. Safari hii ndoo niliiweka jikoni, nione. Asubuhi ya pili nilifunua kifuniko na kukuta povu zito la rangi ya krimu, limeinuka kama unga wa maandazi uliosahaulika juani, lina mistari ya kahawia, na chini yake bia inapumua polepole. Harufu ilikuwa ya tunda, kama pichi lililoiva sana. Nilisimama pale na kifuniko mkononi hadi mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Nikaianza nyuzi 18. Siku ya nne nikaipandisha hadi 21, nikaiacha. Siku kumi na nne jumla. Haidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, ilitoka 1.042 ikasimama 1.010, na siku tatu mfululizo haikusogea. Ndipo nikatia kwenye chupa, sukari gramu 3 kwa kila lita na si zaidi, maana bita haitaki gesi ya soda.

Mwezi uliopita nikamwita jirani yangu, mzee mstaafu mzaliwa wa Keighley ambaye amekunywa Landlord tangu ujana wake. Nilileta jagi kutoka baa, nikapanga glasi tatu, mbili za baa na moja yangu, sikumwambia ipi ni ipi. Alichukua muda wake. Akanyanyua ya kwangu, akasema hii ndiyo ya baa bila shaka. Shemeji hakuwepo. Ningependa angekuwepo.

Sasa nisikilizeni ndugu zangu. Wengi mnaniandikia mkiuliza hopsi gani, kimea gani, sufuria ya ukubwa gani. Kimea ni cha shayiri iitwayo Golden Promise, kilo 4.3, kiloweke nyuzi 66 kwa saa moja, basi. Hopsi nimeshasema. Mimi nawauliza: hamira yako umeipa nini? Umeipa joto linalotulia? Umeipa siku? Tunataka kila kitu kesho. Bia ni kiumbe hai kinachofanya kazi kwa niaba yako, na unakifukuza kazini kabla hakijamaliza, halafu unakilaumu. Iacheni hamira imalize. Nimesema mara ngapi? Iacheni imalize. Na usafi, tafadhali, osha hadi uchoke. Tena msiuze hata chupa moja: tangu 1963 hakuna anayehitaji leseni kupika nyumbani kwake Uingereza, lakini ruhusa hiyo ni ya kunywa na kugawa tu.

Turudi kwako, dada. Ile siagi inaitwa diasetili. Hamira huiachia ikiwa kazini, na ikipewa muda na joto huifyonza tena yenyewe. Siku ya sita uliikatiza katikati. Lakini ndani ya chupa zako bado kuna hamira hai. Usimwage. Zitoe huko kwenye baridi ulikoziweka, ziweke kwenye boksi lenye kifuniko mahali penye nyuzi 20, na kila baada ya siku mbili tatu fungua moja usikilize gesi, isije ikajaa kupita kiasi. Ikianza kukupigia kelele, zihamishie zote kwenye friji. Baada ya wiki tatu onja. Kama siagi imepungua, umepona. Kama imeongezeka na kuna uchachu, hapo kuna mdudu mwingine, osha ndoo yako au nunua nyingine, na hamira ya mara ya pili nitakutumia mimi kwa posta, ninayo kwenye mtungi tangu Jumapili.