Barua kwa mwanangu Neema kuhusu nyumba ya Njiro

Mwanangu Neema,

Marahaba, nami nakujibu nikiwa mzima hapa Moshi, ila goti ndilo linanisumbua tangu mvua zianze. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniambia kwamba umeona nyumba Njiro, huko Arusha, bei yake ni shilingi milioni 85, dalali anataka utangulize nusu, na hati yake ni ya miaka 33 iliyoanza tarehe 1 Julai 1996. Ukauliza kama miaka michache iliyobaki ni jambo la kukukosesha usingizi, kwa kuwa muuzaji anasema kuhuisha hati, yaani kuiongezea muda, ni kazi ya fomu moja tu. Kwa kuwa nilikaa masijala ya ardhi miaka mingi nikifungua na kufunga majalada, nitakujibu kwa kirefu, nawe univumilie.

Hesabu tarehe kwanza. Hati hiyo inafika mwisho tarehe 30 Juni 2029. Watu wengi hukagua vyumba, bati na kisima, na hawafiki ukurasa wa hati ulioandikwa muda. Ilhali katika nchi yetu anayenunua nyumba ya mjini hanunui udongo. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kinachouzwa ni haki ya kuikalia ardhi hiyo kwa muda uliotajwa, pamoja na maendelezo yaliyo juu yake. Haikuwa hivyo tangu zamani. Wajerumani waliwapa walowezi ardhi isiyo na kikomo cha muda, na ni mwaka 1963 ndipo sheria ilipozigeuza miliki hizo kuwa mapangisho ya Serikali ya miaka 99, kisha mwaka 1969 mapangisho hayo yakageuzwa kuwa haki ya kumiliki tunayoijua leo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, imeendelea na utaratibu huo, na inaruhusu muda usiozidi miaka 99. Ndiyo maana utakuta hati za miaka 33, za 66 na za 99 katika mtaa mmoja, na nyumba mbili zinazofanana kwa sura zisilingane kabisa kwa thamani.

Usilinganishe jambo hili na kihamba cha babu yako, lile shamba la migomba la ukoo kule juu mlimani. Kihamba kiko katika ardhi ya kijiji, na miliki ya kimila kwa raia inaweza kuwa ya muda usio na kikomo; ndiyo sababu watu wetu waliokulia migombani hushangaa wakiambiwa nyumba ya mjini ina tarehe ya kuisha. Hata hivyo, kihamba nacho hakiuzwi kienyeji bila halmashauri ya kijiji kuhusishwa.

Sasa swali lako lenyewe. Kuhuisha miliki kunawezekana, na hufanyika kila siku, lakini ni maombi, na maombi hupimwa. Ofisi itaangalia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, kama masharti ya matumizi yamefuatwa, kama hakuna mgogoro, na kama mpango mji haujabadilika mahali hapo. Nyumba ya makazi iliyogeuzwa gesti bila kibali inaweza kukwama hapo hapo. Na anayeomba ni yule ambaye jina lake limo katika hati, yaani muuzaji wako, wala si wewe ambaye bado u mgeni kwenye jalada. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: muuzaji aombe kuhuisha yeye, kwa gharama yake, kabla ya uhamisho, na mkataba useme waziwazi kwamba maombi yakikataliwa fedha yako yote inarudi. Akikataa sharti hilo, bei ishuke kwa kiasi kinachofaa miaka michache, au uachane naye. Akisema ni fomu moja tu, basi kuijaza kusimwie vigumu.

Kuhusu nusu ya bei kutangulizwa, hapana. Asilimia 10 inatosha, nayo ikae kwa wakili mnayemwamini nyote wawili, isipite mkononi mwa dalali. Mkataba uwe wa maandishi, maana Sheria ya Ardhi haitambui mkataba wa mdomo wa kuuza ardhi. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni wa kuthibitisha kwamba anamjua mtu, haumgeuzi muuzaji kuwa mmiliki.

Kabla ya kusaini, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa uombe upekuzi rasmi wa hati hiyo kwa namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu. Usitosheke na nakala ya kivuli. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama mtu ameweka zuio. Rehani iliyolipwa lakini haijafutwa katika daftari bado ni rehani machoni pa msajili, hivyo usikubali kauli ya «nilishamaliza kulipa» bila hati ya kufuta. Kama jina lililomo ni la marehemu, atakayekuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wa familia, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mpate pia mpima athibitishe bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, kwa kuwa ukuta mara nyingi hupanda kuvuka mpaka bila mtu kusema neno.

Risiti za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla, ambazo dalali alikuonyesha zinathibitisha kodi ya jengo, ambayo siku hizi hukatwa kupitia umeme. Hazihusiani na pango la ardhi. Dai risiti za pango zenyewe, kwa kuwa deni la pango hufuata kiwanja, na kutolipa ni moja ya sababu zinazoweza kufanya miliki ibatilishwe.

Jambo la mke wa muuzaji nalisema kwa uchungu. Mwaka 2004 mimi na baba yako tulinunua kiwanja chenye nyumba Pasua, hapa Moshi, kwa mtu aliyeonekana mpole, tukalipa, tukahesabiana fedha mezani kwake. Baada ya miaka mitano mkewe alirudi kutoka Tanga akiwa na cheti cha ndoa, akasema hakuridhia nyumba iuzwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mwenzi katika nyumba ya familia, na hakusema uongo. Tulikaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa vikao nisivyopenda kuvihesabu, hadi tukakubaliana kumlipa tena sehemu ya thamani. Wewe dai ridhaa ya maandishi ya mwenzi, au kiapo cha kutokuwa na ndoa, kabla ya shilingi moja kutoka.

Baada ya hapo ni shughuli za uhamisho. Mthamini atathmini nyumba, taarifa ya mauziano ipelekwe kwa ofisi ya Kamishna wa Ardhi pamoja na maombi ya idhini, kisha hati ya uhamisho isajiliwe. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kwa kawaida wa mnunuzi. Kodi ya faida itokanayo na mauzo kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa nchini, nayo ni mzigo wa muuzaji. Mkataba utaje nani analipa nini, maana wauzaji hupenda kusukuma kodi yao kwa mnunuzi siku ya mwisho. Na usikubali kuandika bei ya uongo ili kodi ipungue, kama dalali atakavyokushauri kwa tabasamu. Serikali ina tathmini yake, na siku mambo yakiharibika utadai kilichoandikwa, wala hakuna atakayekuamini kuhusu kilichobaki. Kumbuka pia kwamba siku moja wewe ndiye utakayekuwa muuzaji, na bei iliyo chini kwenye mkataba wa leo itakufanya uonekane umepata faida kubwa ambayo hukuipata.

Nitumie kwa simu namba ya kiwanja na kitalu. Jumatano nitapanda Kosta ya asubuhi nifike Arusha kabla ofisi hazijajaa watu, tukaombe upekuzi pamoja, nawe uje na kitambulisho chako. Hadi hapo, mwambie dalali kwamba mama yako yuko njiani.

Ni mimi mama yako,
Moshi